Kisu cha Nambari Tisa

Kibanda chetu cha kunolea visu kina sheria aliyoiweka marehemu baba yangu: chombo hakitoki mpaka kijaribiwe kwa kile kinachokwenda kukata. Fundi cherehani akileta mkasi, alete na kipande cha kitambaa. Mshona viatu alete ngozi. Mama wa mgahawa alete kitunguu, au hata jani la kabichi. Mzee hakuwa na hekima yoyote ya ajabu. Alichoka tu na watu wanaorudi kesho yake kusema kisu hakikati. Ukikata mwenyewe mbele yake, umekosa la kusema.

Sheria ya pili niliiweka mimi. Nilichonga kipande cha mbao chenye mipasuo kumi na miwili, nikaiandika nambari kwa rangi nyeupe. Kisu kikiingia kwenye mpasuo wake kinatoka kwa zamu, hata aje waziri.

Nimekanyaga pedeli ya gurudumu lile miaka ishirini na minane. Mguu wangu wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto, na mke wangu hunicheka nikivaa kaptula. Binti yangu alianza kukaa nami alipomaliza shule. Sikutaka. Nilimwambia hii ni kazi ya wanaume, akanijibu, "Baba, jiwe halimjui anayekanyaga." Sasa ana miaka ishirini na wateja wanamwita Fundi Mdogo. Nitaeleza alichofanya Jumanne ile, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema ni mimi niliyefanya.

Saa nne asubuhi alikuja kijana tunayemwita Kijiti, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Ana miaka kumi na saba, mwembamba hivi kwamba akisimama upande, kivuli chake kinamtafuta. Siku zote huja akipiga mluzi na kuniamkia kutoka mbali. Siku hiyo hakupiga mluzi na hakuniamkia. Alifungua gazeti, akatoa kisu kirefu cha nyama cha mama yake, akakiweka mbele ya binti yangu.

"Dada, nitilie makali. Pande zote mbili."

"Pande zote mbili?"

"Na ncha. Ncha iwe kali sana."

Mimi nilikuwa nyuma nikikaza mpini wa panga. Mkono wangu ukasimama. Kisu cha jikoni hakinolewi mgongo. Mpishi huweka kidole juu ya mgongo wa kisu. Ukiutia makali atajikata mwenyewe. Kisu chenye makali pande mbili na ncha kama sindano kina kazi moja tu, na mimi nilijua kazi hiyo ilikuwa na jina la nani.

Jumapili, uwanjani, kijana mwingine anayeitwa Bondia alikuwa amempiga Kijiti kofi kutoka nyuma. Kofi peke yake lingepita. Tatizo ni kwamba mtu alikuwa ameshika simu. Kufika jioni video ilikuwa imeingia kila nyumba, imetiwa muziki na mlio wa punda. Mama yake Kijiti alionyeshwa na mteja aliyekuja kupimwa gauni. Aliitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akaendelea kupima kiuno cha yule mteja bila neno. Kijiti alikuwa amesimama mlangoni akimtazama mama yake. Na Jumanne hiyo, saa kumi jioni, timu zao mbili zilikuwa zinakutana uwanjani.

Nikainuka, matusi yakiwa tayari mdomoni. Binti yangu hakunigeukia. Alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kama askari anayesimamisha gari.

"Kinakwenda kukata nini?" alimwuliza Kijiti, kwa sauti ileile anayowauliza wote.

"Kukata..." Kijiti alitazama viatu vyake. "Nyanya."

"Haya. Umekuja nayo?"

"Na nini?"

"Nyanya. Unaijua sheria ya hapa. Nenda kalete nyanya."

"Dada, nina haraka."

"Hata nyanya ina haraka ya kuoza, mdogo wangu. Nenda."

Akakichomeka kisu kwenye mpasuo wa nambari tisa. Kijiti alikitazama, akaitazama foleni, akaondoka akiburuta miguu.

Nilimrukia binti yangu. "Una wazimu? Mtu anakuja kunoa silaha, wewe unamtuma nyanya? Ungemfukuza! Hapa hatunoi silaha, toka, basi!"

"Kama ulivyomfukuza yule?"

Nikakaa chini.

Miaka tisa nyuma kijana mmoja aliniletea kisu kama kile. Nilimtukana mpaka majirani wakatoka. Nikakitupa kisu chake barabarani, watu wakanipongeza, nikaenda nyumbani nikala kwa raha. Mikono yangu ilikuwa safi. Yule kijana alikwenda kukinoa kwenye ngazi ya saruji ya choo cha soko, mchana kutwa, peke yake, na hakuna aliyemwuliza neno. Siku ya tatu akafa mtoto wa watu mwenye miaka kumi na sita. Aliyemchoma yuko gerezani hadi leo. Nilizunguka nikisema mimi sikukinoa, na ni kweli sikukinoa. Lakini nilikuwa mtu mzima wa mwisho kukiona kile kisu, na nilichofanya ni kumwongezea mwenye hasira hasira nyingine. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameketi kwenye benchi akila mkate. Alisikia kila tusi.

"Kisu kiko hapa," alisema sasa, akiendelea kukanyaga pedeli. "Ni cha mama yake. Hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, ataulizwa. Atarudi. Na akirudi ana watu wanane mbele yake. Lakini hilo si tatizo letu, baba. Tazama nambari mbili."

Nikatazama. Kisu kifupi cha mboga, mpini umefungwa mpira mwekundu wa tairi la baiskeli. Nilikijua. Ni cha bibi yake Bondia.

"Kililetwa na nani?"

"Mtoto wa jirani yao, nilipokuwa nafungua. Alisema Bondia amemtuma. Lakini bibi alikileta mwenyewe Jumamosi, nikakinoa, akajaribu kwa karoti. Kisu kilichonolewa Jumamosi kinakuwaje butu Jumanne kwa kukata mchicha?"

Nikapitisha kidole gumba. Kilikuwa kinakata vizuri kabisa.

"Kwa hiyo wote wawili," nikasema.

"Wote wawili. Na hakuna anayejua mambo ya mwenzake isipokuwa jiwe hili." Akanitazama. "Nenda kamlete Bondia. Na usimtukane, baba."

"Nimtukane kwa nini?"

"Nakujua."

Nilipokuwa natoka, Kijiti alikuwa ameshafika na nyanya yake moja, akakaa kwenye benchi.

Bondia ana miaka kumi na minane na hajawahi kupigana ngumi ulingoni. Jina alipewa kwa sababu ya shingo. Anaziba pancha kwa fundi wa matairi. Nilipofika huko, tajiri wake aliniambia hajaonekana tangu jana. Nikaenda kwa bibi yake. Alikuwa uani akianika nguo, akanipokea vizuri, kisha akanivuta karibu.

"Mwanangu, kuna nini? Mjukuu wangu amesukuma kabati nyuma ya mlango. Chakula anakipokea dirishani kama mfungwa."

Nilisimama pale nikiwa na la kujifunza katika umri wangu huu. Njia nzima nilikuwa nimemwona Bondia kichwani mwangu kama simba, kifua mbele, akicheka na wenzake. Kumbe simba yuko nyuma ya kabati la nguo.

Nikagonga. "Bondia. Mimi mnoa visu. Kisu chako kinakusubiri."

Sauti ikatoka ndani: "Nitamtuma mtoto, mzee."

"Hakitoki bila mwenyewe kuja kukijaribu."

"Ni cha bibi."

"Bibi yako yuko hapa anatikisa kichwa. Hakukituma popote."

Kabati likakwaruza sakafu. Mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja. "Kijiti yuko wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nikaona uongo hautatufikisha mbali. "Yuko kwenye benchi langu. Ameshika nyanya."

"Ameshika nini?"

"Nyanya."

Jicho lilinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Ana kisu?"

"Kisu chake kiko nambari tisa. Chako kiko nambari mbili. Leo mtaani hapa hakuna mwenye kisu isipokuwa binti yangu. Twende."

Bibi hakuuliza zaidi. Alimpa mjukuu wake vitunguu vitatu vya kujaribia kisu, kwa sababu sheria anaijua, akamsukuma mgongoni. "Tembea. Mwanamume gani anafichwa na kabati?"

Tulipofika, Kijiti aliruka kutoka kwenye benchi kama aliyekalia moto. Bondia akasimama barabarani, vitunguu mkononi. Binti yangu hata hakuinuka kitini.

"Afadhali mmekuja wawili," alisema. "Leo Jumanne, mgahawa umeleta visu vingi na mguu wangu umechoka. Kijiti, kaa hapa ukanyage. Bondia, shika chupa, dondosha maji juu ya jiwe. Polepole. Maji yakikatika chuma kinaungua."

"Mimi na huyu?" Kijiti akasema.

"Unataka kisu chako au hutaki?"

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Waliosema hivyo hawakuwa wanoaji. Mtoto akililia wembe, mimi sasa nasema mpe kazi, mkalishe karibu yako, umwulize wembe wa nini.

Wakaanza. Kijiti alikanyaga kwa hasira, gurudumu likakimbia ovyo.

"Taratibu," akasema binti yangu. "Unamkimbiza nani?"

Kazi ile haina njia ya mkato. Anayekanyaga na anayetia maji wasipoelewana, kisu kinaruka. Baada ya kisu cha tatu Kijiti alisema, bila kumtazama mwenzake, "Maji." Bondia akatia. Baada ya cha tano Bondia alisema, "Ngoja, chupa imeisha," na Kijiti akangoja. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kwa saa nzima. Mimi nilikaa nyuma na panga langu, nimeuma ulimi mpaka unauma kweli.

Zamu ya nambari mbili ilikuwa imepita kwa sababu mwenyewe hakuwapo, kwa hiyo binti yangu alivitoa visu vyao pamoja mwishoni. Hakuvitia jiweni bado. Aliviweka magotini, juu ya aproni, akaweka viganja juu yake.

"Sasa nauliza kama ninavyomwuliza kila mteja, na mkinidanganya visu vinalala hapa. Kijiti, kinakwenda kukata nini?"

Gurudumu lilizunguka lenyewe mara mbili tatu, likasimama.

"Yeye," akasema Kijiti. Sauti ilitoka ndogo. Nyanya ilikuwa mfukoni mwake na alikuwa ameiponda bila kujua. Maji mekundu yalikuwa yanapenya suruali. "Mama yangu aliitazama. Hakusema kitu. Kama angenipiga ingekuwa afadhali. Na uwanjani wote wananililia kama punda."

"Bondia?"

"Changu ni cha kujikinga tu! Waliniambia anakuja kuniua. Tangu juzi."

"Nani walikuambia?" Kijiti akageuka.

"Wote. Wenzako, wenzangu."

"Mimi waliniambia wewe ndiye unakuja! Kwamba kofi lilikuwa mwanzo tu!"

"Mimi? Mimi sijatoka ndani tangu juzi!"

Wakatazamana kwa mara ya kwanza.

"Na hao waliowaambia," akasema binti yangu, "leo saa kumi watakuwa wamekaa wapi?"

"Ukingoni," Kijiti akasema.

"Na simu mkononi," Bondia akasema.

"Anayeshangilia hachomwi," nikasema mimi. Liliniponyoka. Binti yangu alinitazama, kisha akaniitikia kwa kichwa niendelee.

Basi nikawaambia habari ya yule kijana wa miaka tisa nyuma. Sikupamba. Niliwaambia jinsi nilivyomtukana, jinsi nilivyokula kwa raha siku ile, na jinsi nilivyomwona mama wa marehemu sokoni mwezi uliofuata, nikajificha nyuma ya magunia ya mkaa. Niliwaambia kwamba kama ningemwuliza swali moja tu, la sheria yetu wenyewe, huenda watu wawili wangekuwa wanakula nyumbani kwao leo. Sikuwahi kusema hayo mbele ya mtu, hata mke wangu.

Bondia ndiye aliyesema kwanza. "Ile video nitamwambia aliyeirekodi aifute."

"Wameshaiona," Kijiti akasema. "Ataifuta kwenye macho?"

Hapo kisu kiligonga mfupa. Aibu iliyotolewa mbele za watu haiponi chumbani. Hata mimi mwenye darasa la tano nalijua hilo. Bondia alikaa akikuna ile shingo yake.

"Uliniita mtoto wa bibi," akasema. "Mbele ya timu. Unajua mama yangu aliondoka. Unajua."

Kijiti aliinamia pedeli. "Nilikuita," akasema. "Ilikuwa utani. Lakini nilijua."

"Ndiyo maana nikakupiga. Lakini nilikupiga kwa nyuma." Bondia akatoa simu yake, akanipa mimi. "Mzee, unajua kurekodi?"

"Najua," nikasema. Sikujua.

Alisimama mbele ya kibanda chetu mchana kweupe, watu wakipita. "Mimi Bondia. Kofi mliloliona nilimpiga Kijiti kwa nyuma, hakuwa ananiona. Angekuwa ananiona nisingethubutu. Aliyeogopa ni mimi. Anayetaka kucheka acheke hii."

Kijana wa miaka kumi na minane, mtaani kwao, mbele ya simu! Nimewaona wanaume wenye mvi wakishindwa kusema nusu ya maneno hayo kwa wake zao. Mara ya kwanza kidole changu kilikuwa kimeziba kamera, tukapata giza na sauti tu. Kijiti ndiye aliyecheka kwanza. "Mzee, umerekodi usiku!" Akaninyang'anya simu. "Rudia," akamwambia Bondia, naye akarudia, na aliyeshika simu alikuwa Kijiti mwenyewe. Kisha Kijiti akageuza simu usoni kwake. "Na mimi nilimtukania mama yake. Sitarudia." Wakaituma kulekule ilikopita ile ya kwanza.

Hawakukumbatiana, msije mkadhani. Binti yangu alivinoa visu. Cha bibi alikipitisha mara moja tu. Cha mama yake Kijiti alikitia makali upande mmoja, kisha akaigeuza ncha jiweni, cheche zikaruka, mpaka ikawa ya mviringo kama ulimi wa ng'ombe.

"Nyanya haihitaji ncha," alisema. "Haya, jaribuni."

Nyanya ya Kijiti ilikuwa imebaki ganda na mbegu. Bondia alimsukumia kitunguu kimoja. Walikata juu ya benchi langu, na muda si mrefu macho yote manne yalikuwa yanatiririka, na kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba ni kitunguu.

Saa kumi nilikwenda uwanjani. Sijakwenda kutazama mpira miaka mingi. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni, simu juu, wanangojea damu. Walichopata ni mpira, tena mbaya. Dakika ya mwanzo mtu mmoja alilia kama punda. Bondia, aliyekuwa golini upande wa pili, alimwonyesha kidole kutoka mbali: "Wewe! Njoo ulie hapa ndani!" Hakuingia. Timu ya Kijiti ilifungwa mabao matatu, na baada ya mechi kila mtu alikwenda kwao kwa miguu yake. Kwa miguu yake. Nilimtazama Kijiti mpaka alipopinda kona, akipiga mluzi vibaya.

Mtaani wakaanza kusema mzee mnoaji ana busara, mzee ametuokolea watoto. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wanasema, na mimi nilikuwa nakula nyama isiyo yangu. Kila mtu niliyemsahihisha alicheka akidhani najinyenyekeza. Mimi nijinyenyekeze? Ningekuwa nimefanya mimi, ningetembea nyumba kwa nyumba nikiwaambia.

Ijumaa asubuhi niliburuta kiti cha kunolea cha baba yangu, ambacho tangu kichongwe kimekuwa na wenyewe wawili tu, yeye na mimi. Siku zote binti yangu alikikalia nikiwa na kazi nyingine, akinipisha nikirudi. Nikapima miguu yake, nikakata kila mguu wa kiti inchi mbili kumfaa yeye.

"Baba, wewe utakaa wapi?"

"Kwenye benchi. Mimi natia maji."

Alipokuwa amekwenda kunywa chai, alikuja fundi cherehani, mama yake Kijiti, na mkasi wake mkubwa na kipande cha kitambaa kilichokunjwa vizuri. Sikujua ameambiwa nini na mwanawe. Alisimama kidogo, akatazama gurudumu, akautazama mpasuo wa nambari tisa uliokuwa mtupu.

"Naweza kuunoa sasa hivi," nikamwambia.

"Asante, baba. Lakini nimemjia Fundi."

Si Fundi Mdogo. Fundi. Nikapangusa kiti kwa aproni yangu, nikauweka mkasi wake kwenye nambari moja.

"Kaa, mama," nikasema. "Fundi anakuja."